Barua ya wazi kwa watakaojenga ukumbi wa picha Dodoma

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya maliasili na utalii. Kwa uongozi wa Makumbusho ya Taifa. Kwa uongozi wa Jiji la Dodoma. Na kwa wabunifu majengo watakaopewa kazi.

YAH: CHUMBA CHA PICHA ZA MASHARIKI ZILIZOCHORWA NA WAZUNGU

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa somo la sanaa, mzaliwa wa Mpwapwa na mkazi wa Dodoma. Naandika kabla ramani ya ukumbi wa picha wa mji mkuu haijapitishwa, kwa sababu ukuta ukishasimama hauhamishwi kwa barua. Ninaomba kwamba siku ukumbi huo utakapojengwa, chumba kimoja kitengwe kwa ajili ya picha ambazo wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 walichora kuonesha nchi walizoziita Mashariki, na ninaomba zaidi kwamba chumba hicho kisanifiwe kwa namna ambayo mtazamaji wa Dodoma ataona jinsi picha hizo zilivyotengenezwa, badala ya kutekwa nazo.

Nieleze nilikolitoa wazo hili. Miaka kadhaa kabla ya kustaafu nilibandika darasani nakala ya picha ya mchoraji Mfaransa Jean-Léon Gérôme iitwayo Bashi-Bazouk, aliyoichora mwaka 1868 na 1869, ambayo sasa inahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York. Ni picha ya mwanamume mweusi aliyegeuza uso pembeni, amevaa kanzu ya hariri ya rangi ya waridi na kilemba kikubwa, na bunduki iko begani. Nilizungumza karibu nusu saa juu ya hariri ile, jinsi mwanga unavyopanda kwenye mikunjo na kuzama tena, hadi binti mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, alipoinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, huyu baba anaitwa nani?" Nilijua jina la mchoraji, mwaka, vipimo na jumba linaloihifadhi, lakini jina la mtu aliyesimama mbele ya mchoraji sikulijua, na kwa miaka yote niliyoifundisha picha hiyo sikuwahi hata kujiuliza. Kichwa cha picha si jina lake. Ni neno la Kituruki la askari wasio rasmi wa dola ya Osmani, waliopigana kwa malipo ya nyara. Mwanamume huyo hakuchorwa vitani wala Uturuki. Gérôme alikuwa amerejea kutoka safari ya Mashariki ya mwaka 1868, akamvisha mtu huyo nguo alizonunua safarini, ndani ya studio yake mjini Paris. Hakuna askari ambaye angekwenda kupora akiwa amevaa hariri ya namna ile. Darasa lile lilielewa jambo hilo mara moja, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba picha hizi zinapaswa kutazamwa hapa kwetu, kwa muda wa kutosha na mahali palipoandaliwa.

Wazungu wenyewe huziita picha hizi za Kiorientalisti. Napoleon alipoivamia Misri mwaka 1798, na Ufaransa ilipouteka mji wa Algiers mwaka 1830, njia ilifunguka kwa wachoraji waliofuata nyuma ya majeshi na mabalozi. Eugène Delacroix alipita Morocco na Algiers mwaka 1832, akaimaliza Paris mwaka 1834 picha yake ya wanawake wa Algiers ndani ya nyumba yao. John Frederick Lewis, Mwingereza, aliishi Cairo takriban miaka kumi. Lakini Jean-Auguste-Dominique Ingres, aliyechora wanawake wa nyumba za masultani tangu mwaka 1814 hadi picha yake mashuhuri ya hamamu, yaani bafu la pamoja la wanawake, ya mwaka 1862 alipokuwa na umri wa miaka 82, hakuwahi kukanyaga Uturuki. Alitegemea maandishi ya wasafiri. Hata hilo neno Mashariki halikuwa la ramani, kwa sababu Morocco, iliyochorwa sana, iko magharibi zaidi kuliko Paris yenyewe. Mashariki lilikuwa jina la watu wa kutazamwa, popote walipokuwa.

Mtu anaweza kuuliza Ugogo unahusianaje na hamamu za Istanbul. Barabara ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Mpwapwa na kukatiza nchi ya Wagogo, ambako watemi walitoza hongo, yaani ushuru wa njia, kila msafara uliotaka maji na njia. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857, Henry Stanley akapita mwaka 1871, na vitabu vyao vilichapwa vikiwa na picha zilizochongwa na mafundi wa Ulaya, zikawaonesha wasomaji wa huko mababu zetu kwa jicho lilelile lililozoea kutazama Cairo na Algiers. Sisi tulikuwa ukingo wa Mashariki hiyo ya kubuni, na Unguja ilikuwa mlango wake. Zipo nchi nyingine zilizochorwa ambazo leo zimeamua kuzimiliki picha hizo zenyewe: Qatar imekusanya nyingi, na jumba la sanaa za Kiislamu la Kuala Lumpur liliazimisha zake kwa British Museum ya London mwaka 2019 kwa ajili ya maonesho makubwa. Waliochorwa ndio wenye picha, na wanazionesha kwa masharti yao. Sioni kwa nini Dodoma isifikirie hivyohivyo, japo kwa mwanzo mdogo.

Ombi langu la kwanza linahusu mapambo, na hapa nawaomba wabunifu wanisikilize kwa makini, kwa sababu kishawishi kitakuwa kikubwa. Mtu akiambiwa asanifu chumba cha picha za Mashariki, mkono wake utakimbilia matao, mazulia, taa za shaba zenye matundu, milango ya njumu, pengine na harufu ya udi. Nawasihi msifanye hivyo. Mwanahistoria wa sanaa Linda Nochlin, katika makala yake ya mwaka 1983, alionesha kwamba nguvu ya Gérôme iko katika mambo ambayo hayaonekani ndani ya picha: Mzungu anayetazama hayumo, na alama za brashi zimelainishwa mpaka mtu anasahau kwamba kuna mtu aliyechora. Picha inajifanya dirisha. Chumba kikipambwa kama soko la Cairo, jengo letu wenyewe litakuwa limemalizia kazi ya mchoraji, na mtoto wa Chamwino au Bahi atatoka akiamini kwamba ameitembelea Misri, ilhali ameitembelea studio ya Paris.

Ndiyo maana naomba chumba cha kwanza kiwe studio. Kuta ziwe tupu, zenye rangi ya udongo mkavu isiyong'aa. Nyeupe kali siipendi kwa picha hizi, kwa kuwa ni nzito na fremu zao ni za dhahabu, hivyo kwenye ukuta mweupe huonekana kama mashimo meusi. Nyekundu iliyoiva nayo ni desturi ya kumbi za Paris za zama hizo, na itaturudisha kulekule. Kando ya picha ya mcheza na nyoka, ambayo Gérôme aliichora kama mwaka 1879 na ambayo iliwekwa kwenye jalada la kitabu cha Edward Said cha mwaka 1978, Orientalism, kilichokosoa jinsi Wazungu walivyoieleza Mashariki, iwekwe meza ya kimo cha kiuno yenye picha za vitu alivyoviunganisha: vigae vya buluu ni vya kasri la Topkapi mjini Istanbul, ilhali mchezo wa nyoka ni wa Misri. Mtazamaji ainue macho kutoka mezani hadi ukutani, ashushe tena, aunganishe mwenyewe. Benchi liwe umbali wa mita mbili hivi, kwa sababu picha hiyo ina upana wa sentimita 121 tu, na anayeitazama akiwa mbali huona hadithi peke yake, lakini anayeikaribia huona ufundi.

Sasa nije kwenye mwanga, ambao ndio uliofanya nichukue kalamu. Vitabu vya usanifu vinavyotoka Ulaya hufundisha kwamba dirisha la chumba cha picha litazame kaskazini, kwa sababu huko jua haliingii kutoka upande huo. Kwetu kanuni hiyo ni kosa. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri hutupita utosini mwanzoni mwa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, na katika miezi yote iliyo kati ya hiyo, sehemu kubwa ya kiangazi, linapita upande wetu wa kaskazini. Dirisha lililonakiliwa kutoka London litamwaga jua la Juni moja kwa moja juu ya kanvasi. Kuanzia Oktoba hadi Machi hali hugeuka, na upande wa kusini ndio unaopigwa. Kwa hiyo ukumbi wa Dodoma hauna upande salama, na njia pekee ya kuutumia mwanga wa mchana ni kuuchukua juu, kuupitisha kwenye mabomba mapana yenye vizuizi pande zote mbili, na kuufanya ugonge ukuta wa ndani angalau mara moja kabla haujafika kwenye picha. Mionzi ya urujuanimno izuiwe kwa vioo maalumu. Picha za rangi za mafuta zisipate zaidi ya luksi (kipimo cha nguvu ya mwanga) 150 hadi 200. Picha zilizochapwa kwenye karatasi, kama zile za vitabu vya wasafiri, zisizidi luksi 50, na chumba chake kisiwe na dirisha kabisa.

Nje ya jengo, siku ya jua kali, kuna luksi zinazokaribia laki moja. Mtu anayetoka stendi akaingia moja kwa moja kwenye chumba chenye luksi 150 hataona kitu isipokuwa giza, na atalaumu picha. Macho yanahitaji dakika kadhaa kuzoea. Naomba basi kuwe na baraza pana yenye kivuli, kisha ushoroba wenye kona, unaopungua mwanga hatua kwa hatua, ambamo mgeni atatembea taratibu bila kuambiwa atembee taratibu. Ndani ya ushoroba huo iwekwe picha moja tu ya michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, ili sura ya kwanza ya binadamu ambayo mgeni anakutana nayo iwe imechorwa na watu walioishi katika nchi hii. Moja inatosha. Michoro ya Kolo ina mahali pake, kwenye miamba zaidi ya 150, na baadhi ya miamba hiyo bado inatumiwa na wenyeji kwa matambiko. Haifai kugeuzwa utangulizi wa kazi za Wafaransa.

Jambo jingine la mwanga ni vanishi. Picha hizi zinang'aa kama kioo, hasa zile zenye vivuli virefu, na taa iliyokaa vibaya humfanya mtazamaji ajione yeye mwenyewe badala ya picha. Taa zishuke kwa pembe ya nyuzi 30 hivi kutoka wima, na pasiwe na mlango wala dirisha lolote linalotazamana na picha.

Kuhusu hewa, ninajua kwamba jibu la haraka litakuwa kiyoyozi. Sikatai kiyoyozi. Lakini kanvasi na ubao hunyonya unyevu na kuutoa, hutanuka na kunywea, na tabaka la rangi lililozeeka haliwezi kufuata mwendo huo bila kupasuka. Majumba yanayoazimisha picha huomba unyevunyevu wa hewa ubaki kati ya asilimia 40 na 60, bila kupanda na kushuka kwa ghafla. Dodoma hupata mvua za msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, kisha miezi mingi ya upepo mkavu wenye vumbi. Chumba kinachotegemea mashine peke yake kitakuwa salama hadi siku umeme utakapokatika mchana wa Septemba, na ndani ya saa chache hewa ya nje itakuwa imeingia.

Bibi yangu aliishi kwenye tembe. Ilikuwa nyumba ya chini, kuta za udongo, paa bapa la miti na udongo uliokandamizwa, milango michache. Tulipoingia adhuhuri tukitoka kuchunga tulikuta ubaridi wa asubuhi bado umo ndani, na usiku wa Julai, nje kukiwa na baridi kali, ndani kulikuwa na joto la mchana. Sisemi picha zitundikwe ndani ya tembe. Nasema kwamba Wagogo walijua zamani kuwa ukuta mnene wa udongo unachelewesha mabadiliko, na udongo wenyewe hunyonya unyevu hewa inapokuwa nao na kuurudisha inapokauka. Mbunifu anaweza kujenga kuta nene za matofali ya udongo ulioshindiliwa, kuzipiga lipu ya udongo iliyofunikwa kwa chokaa ili isitoe vumbi, kuweka paa zito lenye tabaka mbili zinazopitisha hewa katikati, na kukifanya chumba cha picha kiwe ndani ya chumba kingine, huku mlango wa kwanza ukifungwa kabla wa pili haujafunguliwa. Hapo kiyoyozi kitakuwa msaidizi, na umeme ukikatika kutwa nzima, picha hazitajua. Mchwa nao wasisahaulike: fremu zisiguse ukuta, na pasiwe na ubao wowote unaounganisha sakafu na picha.

Sasa nafika mahali pagumu. Mwaka 1866 Gérôme alichora soko la watumwa. Katikati amesimama mwanamke aliyevuliwa nguo zote, na mnunuzi amemtia vidole kinywani kukagua meno yake. Picha hiyo iko Marekani, katika jumba la Clark la mji wa Williamstown. Nimeifikiria kwa miaka mingi kama chumba chetu kiioneshe au kisiioneshe, na nimefika kwenye uamuzi kwamba kiioneshe, lakini isiwe kwenye njia kuu, isiwe kwenye tangazo wala kwenye tiketi, na isiwe kitu cha kwanza wala cha mwisho ambacho mgeni anakiona. Iwe kwenye kijichumba cha pembeni, chenye mlango usiotazamana na chumba kikubwa, chenye kibao nje kinachosema nini kimo ndani, ili mwalimu aamue kuhusu wanafunzi wake na mtu mzima aamue kuhusu nafsi yake.

Mwaka ambao Gérôme aliichora, soko la Unguja lilikuwa bado wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Misafara ilikuwa bado inashuka pwani kupitia Mpwapwa, yenye meno ya tembo na yenye watu. Katika ukoo wetu kuna bibi mmoja wa zamani ambaye hakuna ajuaye alitoka kabila gani. Aliachwa Mpwapwa akiwa mgonjwa, msafara ukaendelea, na jina tunalomkumbuka nalo ni lile alilopewa na waliompokea. Alipoitwa na mama yake aliitwaje, hatujui. Kwa mtazamaji wa Paris soko lile lilikuwa mchezo wa mbali, lenye rangi nzuri na mwili wa kutazama bila aibu, kwa kuwa aibu yote ilikuwa ya wale Waarabu ndani ya picha. Mtazamaji huyo hakukumbushwa kwamba Ufaransa yenyewe ilikomesha utumwa katika makoloni yake mwaka 1848, miaka 18 tu kabla ya picha hiyo, wala kwamba pembe zilizobebwa mabegani hadi Unguja zilikuwa zikisafirishwa hadi Connecticut nchini Marekani kutengenezwa vibonyezo vya piano. Nasi tusijifiche nyuma ya hayo. Wafanyabiashara wa pwani walikuwepo, Waarabu na Waswahili, na watawala wa bara waliouza mateka walikuwepo. Ukuta unaotazamana na picha hiyo ubebe ramani ya njia hiyo, kutoka Ujiji na Kwihara, karibu na Tabora, kupitia Kilimatinde, Mpwapwa na Mamboya hadi Bagamoyo, na maneno machache yaliyo wazi. Pawe na benchi. Pasiwe na sauti za minyororo, wala sanamu za watu waliofungwa. Aliyekaa kwenye benchi hilo awe na picha upande mmoja na barabara upande wa pili, na aachwe.

Kwamba mahali pa kutundika picha hiyo ni jambo zito, tumeliona karibuni. Mwaka 2019 chama kimoja cha siasa nchini Ujerumani kiliiweka kwenye mabango ya uchaguzi kuwatisha wapiga kura dhidi ya wahamiaji, na jumba linaloimiliki likapinga hadharani. Picha ileile, baada ya miaka 153, ilifanya kazi ileile kwa sababu ilitundikwa bila maelezo ya kweli kando yake.

Waliochorwa hawakunyamaza, na chumba kisiwanyamazishe. Osman Hamdi Bey, Mturuki aliyesomea uchoraji Paris, aliongoza jumba la makumbusho la dola ya Osmani tangu mwaka 1881 na kusimamia sheria ya mwaka 1884 ya kuzuia mambo ya kale yasihamishwe nje. Alichora watu wa kwao wakiwa wamevaa, wakisoma, wakibishana juu ya vitabu, na mara nyingi alijivika mwenyewe nguo na kujichora. Picha yake ya mkufunzi wa kobe, ya mwaka 1906, itundikwe mahali ambapo mtu akigeuka tu kutoka kwa Ingres atakutana nayo. Na karibu zaidi na sisi yuko Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844, akahamia Ujerumani kama Emily Ruete na kuchapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani mwaka 1886. Alieleza nyumba za wanawake kutoka ndani: nani alipika, nani alifundisha watoto Kurani, nani aligombana na nani. Maneno yake yawekwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, chini ya hamamu ya mzee Ingres ambaye hakufika.

Naongeza hapa neno kuhusu sisi. Wachoraji wetu wa Tingatinga nao wamechora kwa miaka mingi kile ambacho mgeni anataka kununua, na simlaumu yeyote kati yao, kwani wana watoto wa kusomesha. Lakini ukuta mmoja wa mwisho uachwe wazi kwa vijana wachoraji wa Dodoma, wabadilishwe kila mwaka, waulizwe tu wangemchora nani, na kwa jina gani.

Fedha za kununua au kuazima picha halisi hazitapatikana mwanzoni, na si lazima. Jumba la Metropolitan, tangu mwaka 2017, linaruhusu yeyote kutumia bila malipo taswira za kazi zisizo na hakimiliki. Tuanze na nakala nzuri, zilizotangazwa wazi kwamba ni nakala, na zenye ukubwa halisi. Hili la ukubwa nalishikilia. Bashi-Bazouk ni sentimita 81 kwa 66, hamamu ya Ingres ni duara yenye kipenyo cha sentimita 108 hivi, ilhali wanawake wa Delacroix wanajaza ukuta kwa sentimita 180 kwa 229. Anayekuza picha ndogo mpaka ifunike ukuta anaifanya ipige kelele ambayo haina. Chumba hata hivyo kijengwe tangu mwanzo kwa viwango vya kupokea picha halisi, ili siku ya kuomba maazimo isiwe siku ya kuanza kubomoa.

Maelezo ya picha yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho kisitafsiriwe kutoka kwa maelezo ya wengine. Kabla ya kuandika maelezo ya Sala Msikitini ya mwaka 1871, ambayo Gérôme aliiweka katika msikiti wa Amr mjini Cairo, waitwe masheikh wa Dodoma waitazame na waseme wanachokiona katika safu zile za wanaosali. Kila kibao kitaje jina la mtu aliyechorwa kama linajulikana. Lisipojulikana, kibao kiseme hivyo kwa sentensi kamili, kwa herufi za ukubwa uleule unaotumika kwa jina la mchoraji.

Ombi langu la mwisho halina gharama kubwa. Kabla ya kupitisha ramani, pajengwe kwenye kiwanja chumba kimoja cha majaribio, cha udongo, chenye tundu moja la mwanga juu, na kipimwe mwanga, joto na unyevu asubuhi, adhuhuri na jioni kwa mwaka mzima, kuanzia Machi hadi Machi. Mimi niko tayari kuzichukua takwimu hizo kwa mkono wangu bila malipo, na wapo wanafunzi wangu wa zamani watakaonisaidia siku ambazo miguu itakataa. Yule binti wa kidato cha pili ni mmoja wao. Sasa anafundisha, na ameniomba nisisahau kuandika kwamba yeye atashika zamu ya Septemba, wakati upepo ni mkali.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu mstaafu wa sanaa,
Dodoma